Usafi wa vyumba hotelini: wahudumu hodari, mpangilio dhaifu

Hoteli niliyofikia kwa siku 4 ina wahudumu wa vyumba walio hodari, na sifa zao zinastahili kutangulia malalamiko yangu. Mhudumu wa ghorofa yetu aligonga mlango, akajitambulisha, akangoja, akagonga tena ndipo akafungua. Alitandua kitanda kwanza ili vumbi la mashuka litue kabla hajafuta meza, akafuta kuanzia juu kwenda chini, kisha akamalizia sakafu akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kitambaa cha kusafishia choo kilikuwa chekundu ili kisichanganywe na vingine, na hakikugusa sinki wala glasi. Dawa ya kuua vijidudu aliipulizia mapema, akaiacha ifanye kazi wakati anatandika, badala ya kuifuta papo hapo kama wafanyavyo wenye haraka. Niliwahi kusimamia kazi hii kwa miaka kadhaa. Mtu hafanyi hivyo kwa kubahatisha, bali amefundishwa na anakaguliwa.

Kilichonisikitisha ni namna idara yenyewe ilivyopangwa. Siku ya kufika, mapokezi walinipa ufunguo wa chumba ambacho bado kilikuwa na mashuka ya mgeni aliyeondoka asubuhi. Kosa hilo silihesabu kuwa la mhudumu. Chumba kikishaachwa husafishwa, kikakaguliwa na msimamizi, ndipo mapokezi wajulishwe kwamba kiko tayari kwa mgeni mwingine. Hapo hotelini taarifa hiyo hupitishwa kwa mdomo, na saa za msongamano maneno ya mdomo hupotea njiani.

Siku ya 3 taulo zilichelewa hadi jioni kwa sababu, nilivyoelezwa, zote zilikuwa zinafuliwa. Hoteli iliyojipanga huwa na angalau seti 3 za mashuka na taulo kwa kila kitanda: moja inatumika, moja iko kwa dobi, na moja imepumzika stoo. Zikipungua hapo, mhudumu mwenye vyumba 14 au 15 katika zamu moja hulazimika kungoja mashine zimalize, na muda uliopotea ataufidia kwa kuruka pembe za chumba na uvungu wa kitanda.

Baada ya kuondoka nilipigiwa simu: miwani niliyoisahau ilikuwa imeokotwa na kuandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa, pamoja na tarehe na namba ya chumba. Nitarudi, na nitaomba ghorofa ileile.