Huduma ya mipango miji kwa mwananchi wa kawaida Dar: naipa nyota tatu kati ya tano

Wakuu habari za saa hizi. Watu huwa wanatoa maoni ya hoteli, saluni, mafundi simu, mi leo natoa ya huduma ambayo wengi wetu tunaijua siku kijiko kimeshaanza kuchimba ng'ambo ya ukuta: mipango miji. Yaani ile habari ya jirani anapotaka kubadili matumizi ya kiwanja chake au kuvunja nyumba ya chini apandishe ghorofa, na nyie mnaopakana naye mnatakiwa msikilizwe. Mtaa siutaji na manispaa siitaji maana jambo bado liko mezani kwao, ila ni Dar hii hii, eneo lililopimwa zamani, nyumba za chini, miembe uani, na siku hizi kila nyumba inayouzwa anayenunua anataka ghorofa.

Ombi lilikuwa hivi: kiwanja cha nyumba moja, hati inasema makazi, mwenyewe anaomba kiwe makazi na biashara, ghorofa nane, chini fremu, juu apatimenti 28 na ukumbi. Sasa mi sina ugomvi na ghorofa. Sensa ya 2022 imetukuta watu 5,383,728 mkoa huu, hatuwezi wote kwenda kujenga Chanika na Bunju afu tunaamka saa kumi alfajiri kuwahi Posta. Magomeni Kota pale zimepangwa kaya 644 kwenye maghorofa, na watu wanaishi katikati ya mji, mwendokasi mlangoni. Kwa hiyo suala langu sio ghorofa, ni nani anaulizwa, anaulizwa lini, na akishajibu jibu lake linaenda wapi.

Nyota ya kwanza naipa sheria yenyewe, tena bila kinyongo. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007 inasema huwezi kuendeleza ardhi kwenye eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na kwetu sisi mamlaka ni halmashauri. Chukua hati yako kabatini usome pale kwenye masharti, nyumba nyingi utakuta wameandika makazi, kundi la matumizi A. Hiyo herufi ndo inayokulinda wewe na jirani yako, maana akitaka kuweka ukumbi au gereji inabidi aombe kubadilishiwa kwanza, hawezi kuamua mwenyewe kwa sababu pesa anayo. Wazee wengi mtaani kwetu walikuwa hawalijui hili, wanadhani mtu akishakuwa na hati basi kiwanja ni chake afanye atakalo.

Tatizo linaanza kwenye tangazo. Lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi moja ya A4, limechanganyika na tangazo la chanjo na la viwanja vya Kigamboni. Limeandika namba ya kiwanja, kitalu, na "kutoka makazi kwenda makazi na biashara", basi. Jamani nani anajua namba ya kiwanja cha jirani yake? Sisi tunajua kwa mama fulani, kwa mzee wa miwani, nyumba yenye geti la bluu. Halikusema ghorofa ngapi, halina mchoro, halisemi mwisho wa kupeleka pingamizi ni lini. Aliyelishtukia ni kijana wa stationari aliyekwenda kugonga muhuri barua ya utambulisho, bila yeye tungekuja kushtuka mabati ya bluu yamezungushwa. Kama kuna jambo moja ningeomba libadilike kesho asubuhi ni hili, bango libandikwe kwenye geti la kiwanja chenyewe, maandishi makubwa, idadi ya ghorofa, matumizi, tarehe ya mwisho na namba ya ofisi.

Mkutano uliitishwa baada ya sisi kumfuata mwenyekiti. Nisiwanyime haki yao, walikuja: afisa mipango miji, mtendaji, na msanifu wa mwenye kiwanja. Mchoro waliubandika ukutani kwa selotepu, mistari myembamba hata wa mstari wa mbele hawaoni kitu. Msanifu akaeleza kwa lugha yao, uwiano wa kiwanja, ujazo, watu wakawa wananyamaza. Ndo akasimama mama mmoja mtu mzima, anauza vitumbua kona ya pale, akasema, "Shikamoo sina wa kumpa hapa, nyote wanangu. Mi naomba kuuliza, maji ya choo ya watu wote hao yanakwenda wapi?" Msanifu akajibu, "Mama, tutachimba septiki na shimo la maji kunywea ardhini." Mama akamuuliza tena, "Likijaa, gari la kunyonya litapita wapi, maana njia yetu hii Noah mbili hazipishani?"

Ukumbi mzima uliamka. Na hilo ndo swali hasa, maana sehemu kubwa ya Dar haina bomba la majitaka, tunategemea mashimo, na huku kwetu masika maji ya chini yanapanda mpaka karo linatapika. Nyumba moja yenye watu saba shimo linastahimili. Apatimenti 28 juu ya udongo ule ule ni habari nyingine kabisa. Afisa aliliandika, nilimuona, akasema litaingia kwenye taarifa yake na msanifu alete hesabu za majitaka. Nyota ya pili ni ya yule afisa, alisikiliza bila kumkata mtu kauli na alimjibu yule mama kwa heshima.

Maswali mengine yalifuata haraka haraka. Parking 14 kwa apatimenti 28, hizo gari nyingine zitalala barabarani mbele ya mageti yetu. Upepo wa kusi ambao ndo feni yetu sisi tusio na AC utazibwa. Na uchimbaji wa msingi karibu na ukuta wa mzee aliyeko nyuma, hapo watu walikuwa na hofu ya kweli sio ubishi, kwa sababu hakuna mtu Dar aliyesahau Machi 29, 2013 lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilivyoanguka, wala Novemba 16, 2024 lile la Kariakoo, watu wanachimbuliwa kwenye kifusi siku kadhaa. Tuliomba iandikwe kwamba kabla ya kuchimba, nyumba zote zinazopakana zipigwe picha nyufa zote zilizopo, ili kesho na keshokutwa ufa mpya ujulikane ni wa nani, na bango la ujenzi liwe na mkandarasi, msanifu na mhandisi wenye namba zao za usajili za bodi zao.

Ofisini sasa, ndo nyota mbili zimepotelea huko. Tuliuliza swali rahisi tu, eneo letu mwisho ni ghorofa ngapi? Kila meza ina jibu lake. Huyu anasema inategemea upana wa barabara, yule anasema nendeni kwenye mpango kabambe, yaani master plan ya jiji zima, mwingine anasema kila ombi linaangaliwa peke yake. Mji huu uliishi na mpango kabambe wa 1979 kwa miongo, sasa tuna wa 2016 mpaka 2036, sawa, lakini ni kitu kinene cha kitaalamu, muuza genge hawezi kukifungua akajua pembeni yake kutasimama nini. Tunataka ukurasa mmoja kwa kila mtaa, ubandikwe kwa mtendaji: hapa makazi, hapa biashara, ghorofa mwisho ngapi, eneo la wazi liko wapi. Hilo la eneo la wazi liliniuma sana, kijana mmoja wa michoro alitufungulia mchoro wa mipango wa mtaa wetu mezani akatuonyesha kwa kidole uwanja wa watoto, na pale leo kuna gereji na kontena tatu. Wazazi wazima tulisimama pale tunaangalia hatuna la kusema.

Kuhusu barua ya pingamizi, kwa mtaa wowote utakaofikwa na hili: mkutano peke yake hautoshi, maneno ya mkutanoni yanaandikwa na mtu mwingine. Andikeni yenu, taja namba ya kiwanja na kitalu, hoja za majitaka, njia, usalama wa kuta, sio "hatumtaki". Kila anayepakana asaini na aweke namba ya nyumba. Peleka masjala ukiwa na kopi, na ile kopi igongwe muhuri wa kupokelewa yenye tarehe. Sisi tuliambiwa "acheni tu hapo tutaipeleka", tukakataa kwa adabu, tukasimama mpaka muhuri ukagongwa na tukaandikwa kwenye daftari. Siku faili lilipoonekana halina barua yetu, ile kopi ndo ilirudi kutusimamia.

Nyota ya tatu ni kwamba kuna kitu kimesogea. Mchoro mpya umeletwa, ghorofa tano, ukumbi uliokuwa juu umeondolewa, na hesabu za majitaka zimeambatanishwa, ingawa njia ya gari la kunyonya bado naona wameichora kana kwamba ukuta wa mzee wa nyuma haupo. Barua ya kutujibu sisi wenye pingamizi haijatoka mpaka leo naandika. Ikitoka, yenye sababu na sahihi, iwe imetukubalia au imetukatalia, nitarudi hapa kuongeza nyota ya nne na kuweka walichojibu kuhusu hiyo njia.