Jiroidi: uzi wa plastiki au unga wa naloni?

Jiroidi, umbo la uso uliopindapinda na kujaa matundu, alilolieleza mwanasayansi Mmarekani Alan Schoen mwaka 1970, halina mstari ulionyooka hata mmoja. Kulichora kwenye kompyuta si shida. Shida ni kulichapa kwa printa ya 3D.

Printa ya uzi, inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka kwa tabaka, ni nafuu, lakini kwa umbo kubwa mara nyingi hudai nguzo za muda, na kuzing'oa ndani ya matundu kwa koleo ni adhabu. Joto na unyevu wa Mombasa navyo! Uzi hunywa unyevu, ukausikia ukitatarika kwenye pua ya printa. PLA, aina ya plastiki ya uzi huo, hulainika kwenye nyuzi joto 60 za Selsiasi hivi: sanamu yangu niliiacha garini Mji wa Kale, nikaikuta imelegea kama chapati.

Unga wa naloni huunganishwa kwa leza, na unga unaobaki bila kuunganishwa ndio unaolishikilia umbo, bila nguzo. Ghali, lakini kazi ya mteja naipeleka huko. Majaribio, uzi.