Kutoka X-Trail ya petroli hadi haibridi ya kuchaji: ipi inakufaa?

Kabla hujauliza bei, jiulize gari lako linalala wapi usiku. Kama linalala uani kwako, hatua chache kutoka ukutani, endelea kusoma. Kama unaishi ghorofa ya nne na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya kuteremka hadi maegesho, haibridi ya kuchaji, yaani yenye injini ya petroli na betri unayoichaji kwa kuchomeka ukutani, itakuwa mzigo tu: utazunguka na betri kubwa tupu huku petroli ikiungua kama zamani. Kwako haibridi ya kawaida, inayojichaji yenyewe ikitembea, ni ununuzi wa busara zaidi, na hizo Nairobi zimejaa.

Angalia usichanganyiwe. Kwenye yadi zote huitwa haibridi. Ya kuchaji (huandikwa PHEV au PHV) ina vifuniko viwili ubavuni, kimoja cha petroli, kingine cha stima. Usipoona cha pili, anayekuuzia anauza kitu kingine.

Sasa hesabu. Tuseme unatoka Rongai kwenda mjini na kurudi, kilomita 40 hivi, siku 22 kwa mwezi. X-Trail ya lita mbili kwenye foleni ya Lang'ata inakupa kilomita kumi kwa lita, na hapo nimeihurumia. Ni lita 88. Lita ikiwa shilingi 180, umeteketeza 15,840. Mwendo huo huo kwa stima unakula kama uniti (yaani kilowati-saa) 11 kwa siku, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti ikiwa shilingi 30, mwezi mzima ni 7,260. Umeokoa 8,580. Ukiongezea 500,000 juu ya gari lako la zamani, pesa hiyo itarudi baada ya miaka mitano kasoro. Ukiongezea 800,000, ni karibu miaka minane. Ndiyo maana sikuzipanga gari hizi nne kwa uzuri. Tatu za kwanza nimezipanga kwa ukubwa wa nyongeza utakayotoa; ya nne ni ya zamani, nimeiweka peke yake mwishoni.

1. Mitsubishi Outlander PHEV ya lita 2.4

Hii ndiyo ningemnunulia dada yangu. Mwaka 2018 Mitsubishi waliondoa injini ya lita 2.0 wakaweka ya 2.4, na betri ikapanda kutoka kilowati-saa 12 hadi 13.8. Vipimo vya Japani vya WLTC vinasema kilomita 57.6 kwa stima peke yake. Kwenye barabara zetu mimi ningepanga safari kwa 40 hadi 45. Ina mota mbili, moja mbele, moja nyuma, kwa hiyo matope ya Aprili hayaisumbui sana.

Raha yake utaionja ukishuka kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu. Unavuta kile kijiti nyuma ya usukani hadi B5, kiwango cha juu kabisa cha kujizuia, gari linajizuia lenyewe, mguu hauko kwenye breki, na mshale wa betri unapanda huku malori mbele yako yakinuka breki zilizoungua. Kurudi juu utalipa, bila shaka.

Kasoro zake usizifumbie macho. Haina tairi la akiba, ina dawa ya kuziba pancha na pampu tu, jambo la kuudhi ukiwa na safari ya Turkana. Viti ni vitano, si saba kama Outlander ya petroli. Na zisizo na hita ya stima huwasha injini unapotaka joto, kwa hiyo asubuhi za Julai utashangaa petroli inaenda wapi.

Wauzaji pia husifu soketi yake ya wati 1,500: stima ikipotea, eti unachomeka friji. Soketi hiyo ni ya volti 100, ya Kijapani. Friji yako ni ya 240. Bila transfoma ya kupandisha volti, hakuna friji.

2. Mitsubishi Eclipse Cross PHEV

Injini ile ile, betri ile ile ya 13.8, kwenye mwili mdogo zaidi. Ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2020, kwa hiyo betri zake bado changa. Buti ni finyu. Kama nyumbani mko watatu au wanne na hambebi magunia ya viazi kutoka Kinangop, ichukue bila wasiwasi.

3. Toyota RAV4 PHV

Kama gari, hii inazishinda zote. Betri ya kilowati-saa 18.1, kilomita 95 kwa vipimo vya Japani, nguvu za farasi 306. Mtu wa Kitengela anaweza kwenda mjini na kurudi bila kuamsha injini. Lakini ilitoka 2020, ina jina la Toyota, na Wakenya wanajua kulipia jina hilo. Nyongeza itakuwa kubwa, na rudia hesabu yangu ya juu kabla hujasaini mkopo. Harrier PHEV ya 2022 ni hadithi hiyo hiyo kwa suti ghali zaidi.

4. Outlander ya zamani, lita 2.0

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, za 2013 hadi 2017 utazipata tu kwa watu waliokwisha kuzitumia hapa. Bei yake hutamanisha. Betri mpya ya gari hili ni ya ampea-saa 40. Nenda na fundi mwenye kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu inayosoma betri. Ikisoma chini ya 28, umebakiwa na chini ya asilimia 70, na Rongai kwenda na kurudi haitafika. Muuzaji akikataa gari lisomwe, mshukuru kwa chai uondoke.

Kuhusu waya: mimi niliwahi kufungua buti kwenye yadi moja nikakuta mahali pa waya pana jeki na chupa ya maji. Kijana akaniambia, "Hiyo utapata Kirinyaga Road, boss." Usikubali. Waya wa kuchajia uwemo, au bei ipungue kwa thamani yake. Hata ukiwemo, plagi yake ni ya Japani. Usiunge adapta ya dukani kwenye soketi ya sebuleni. Soketi ya 13A ikivutwa saa nne mfululizo kila usiku inaweza kuyeyuka. Ita fundi wa stima aliyesajiliwa, akuwekee laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, na swichi yake ya kukata stima.

Mwisho, gari lako la zamani. Usiingie yadini ukiuliza, "Nikileta X-Trail naongeza ngapi?" Ukiuliza hivyo umewapa kalamu na karatasi. Itangaze X-Trail wiki mbili ujue watu wanaitolea kiasi gani. Kisha patana bei ya Outlander kana kwamba una pesa taslimu, waiandike, ndipo uwaoneshe funguo za X-Trail.