Pipi ngumu za matunda kutoka Asia: ipi ununue kwanza

Anayechagua pipi kwa picha ya tunda iliyo kwenye pakiti mara nyingi huishia na sukari yenye rangi, kwa maana tunda halitambuliki ulimini kwa harufu peke yake bali pia kwa uchachu, na uchachu huo husomwa nyuma ya pakiti: asidi ya sitriki (E330) au asidi ya maliki (E296).

Nafasi ya kwanza naipa Pulse ya embe bichi, inayotengenezwa na DS Group ya India tangu 2015. Mwanzoni haina ajabu, ni tamu yenye uchachu wa kadiri, na mtu anaweza kuidharau. Ganda lake likishayeyuka na kuwa jembamba, ulimi hupenya na kukuta unga wa chumvi na viungo, na papo hapo kinywa hujaa mate. Aliyekulia pwani akila embe bichi kwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule hahitaji maelezo zaidi. Usiitafune mapema, kwani unga wote utamwagika kwa mkupuo mmoja.

Ya pili ni Pine Ame ya Osaka, Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1951: duara la manjano lenye tundu katikati, mithili ya kipande cha nanasi la kopo. Ladha yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa safari ndefu ya basi ningeibeba hii badala ya Pulse, kwa sababu chumvi huleta kiu.

Super Lemon ya Nobel, kampuni ya Japani, naiweka ya tatu. Unga wake wa nje hukunja uso, lakini ukiisha hubaki pipi ya limau ya kawaida.

Wanaotafuta pipi za Kijapani za Sakuma za kopo jekundu wajue kwamba kiwanda chake kilifungwa Januari 2023, kwa hiyo kopo la kiwanda hicho likiuzwa leo ni akiba ya zamani. Kopo la kijani lenye jina hilo hilo la Sakuma ni la kampuni nyingine, nayo ingali kazini.

Pipi ngumu hunyonya unyevu upesi, hasa katika joto la Tanga au Mombasa. Chagua zilizofungwa moja moja, kisha bonyeza pakiti kabla ya kulipa: pipi zikiwa zimegandana bonge moja, irudishe rafuni.