Uzoefu wangu: Datsun 240Z ya marehemu baba, na bei mbili nilizopewa

Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mali yake ilikuwa rahisi kuhesabu isipokuwa kitu kimoja. Nyumba ya mtaani Tudor, hapa Mombasa, bei yake inajulikana, na pesa za benki zina karatasi. Iliyobaki ni gari la spoti la Nissan, Datsun 240Z ya mwaka 1972, imefunikwa turubai kwenye banda la mabati uani tangu 2009. Mimi ndiye niliyetaka kubaki nayo, kwa hiyo ilibidi nijue inafika shilingi ngapi ili niwalipe warithi wenzangu haki yao. Nimelipia uthamini mara mbili, na tofauti ya bei hizo mbili imenikosesha usingizi.

Hesabu yetu, kwa mirathi ya Kiislamu, ilikuwa hivi. Mama ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane. Watoto tuko watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na kilichobaki kikagawanywa mafungu saba: sisi wanaume mawili mawili, dada zetu moja moja. Kila fungu likawa sawasawa na thumuni ya mali. Ukikosea thamani ya gari, umekosea kwa kila mmoja wao, na anayefaidika ni mimi.

Mthamini wa kwanza alitoka kwenye kampuni inayofanya kazi za bima hapa Mombasa. Ada ilikuwa shilingi 3,500. Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, lakini alikaa dakika kumi tu. Alipiga picha nne, akaangalia logibuku, akaniuliza kama injini inawaka, akaenda zake. Kesho yake ripoti ikaja: Nissan, saluni, mwaka 1972, hali ya wastani, thamani sh. 480,000. Gari lenye milango miwili na mgongo ulioteremka kama wa samaki kaandika saluni, yaani gari la kawaida la milango minne! Ilikuwa wazi kwamba hesabu yake ni ile ile ya Probox na Vitz, ambayo kila mwaka unaopita gari hupungua bei. Kwa gari la kazi hesabu hiyo ni sahihi. Lakini gari la miaka hamsini ambalo watu wanalitafuta limeshapita bonde hilo zamani, na sasa linapanda upande wa pili.

Kwa bei hiyo kila dada yangu angepata sh. 60,000. Nakiri kwamba usiku ule nilifurahi kidogo, maana pesa hizo ningezilipa mara moja. Asubuhi nikampelekea Ami, ndugu wa baba, ripoti aisome. Akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikataa laki nane kwa gari hili nikiwa nimekaa naye barazani. Usile haki ya dada zako kwa sababu ya kibarua cha dakika kumi." Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta mtu anayejua magari haya.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Nairobi ambaye kazi yake ni magari ya zamani pekee. Jina silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Ada yake ilikuwa sh. 30,000, juu yake tiketi ya treni. Alifika mchana, akanywa maji, akaomba jamvi la kulalia, akaingia chini ya gari. Alitoka pale magharibi inaadhiniwa.

Kwanza alifungua boneti akasafisha kwa kitambaa ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, ambako nambari ya chasi imegongwa. Ikasomeka HS30, yaani usukani wa kulia uliotengenezwa kuuzwa nje. Ya Marekani huanza na HLS30, usukani wa kushoto. Kisha akasoma kibati kilichomo humo ndani ya boneti kinachoandikwa nambari ya injini, akailinganisha na ile iliyogongwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Hazikulingana. Injini ni L24 ya kweli, silinda sita, lita 2.4, lakini si ile iliyozaliwa na gari. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba mwaka 1981 gari liliharibikia Nairobi, baba akaliacha gereji wiki nzima. Mzee akaandika bila kusema neno.

Halafu kutu. Gari hili halina chasi ya kusimama peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo chasi, kwa hiyo kutu ikiingia sakafuni, uti wa mgongo ndio unaoliwa. Alichukua bisibisi akaigeuza, akawa anagonga kwa mpini wa mbao, sentimita kwa sentimita, sikio limeinama. Upande wa dereva chuma kiliitika ting, ting, ting, kisha ghafla tap, sauti iliyokufa kama ya kadibodi. Akanishika mkono, akaweka kidole changu hapo, nikahisi chuma kinabonyea. Chini ya betri palikuwa vibaya zaidi, kwa sababu asidi ilichuruzika miaka na miaka. Nyuma ya mlango, pale bodi inapopinda kuelekea gurudumu la nyuma, alifunika sumaku ndogo kwa karatasi laini asikwaruze rangi, akaiweka. Ikashika. Akaishusha kidogo, ikaanguka. Ni filla tupu, ile lipu ya kuzibia bodi, imepakwa rangi ya chungwa juu yake vizuri hivi kwamba miaka yote sikujua. Chumvi ya pwani haina huruma. Aliniambia gari hili lingebaki Nairobi, nusu ya kasoro hizi zisingekuwepo.

Baada ya hapo akaja kwenye jambo lililoniuma. Katika familia yetu inajulikana kwamba gari hili lilikimbia Safari, yale mashindano ya magari ya Safari Rally. Nimekua nikiisikia hadithi hiyo, na kila mgeni ameambiwa. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza karatasi iko wapi. Sina. Picha? Sina. Akanieleza kwa upole. Ni kweli 240Z ilishinda Safari mara mbili, 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ambao Mehta alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun nyingine, ushindi ukaenda kwa Mehta. Lakini gari lililoshinda 1971 liko kwao Japani, kwenye mkusanyiko wa Nissan kule Zama. Kenya nzima, alisema, hakuna Datsun ya zamani ambayo wenyewe hawajaambiwa ilikimbia Safari. Hadithi isiyo na ushahidi aliipa thamani ya sifuri, akaiacha nje ya ripoti. Nilinyamaza. Ni kama alimtoa baba kwenye picha ya ukutani.

Ila ndiye pia aliyenirudishia kitu. Nyuma ya viti vya 240Z za mwanzo kuna visanduku viwili sakafuni vyenye vifuniko, vya kuwekea zana. Mimi sijawahi kuvifungua. Akainua zulia, akafungua, akatoa bahasha ya plastiki. Mlikuwa na leseni za barabara za karatasi kuanzia 1974 alipolinunua baba, risiti za vipuri, na daftari dogo ambalo kila mara alipobadilisha oili aliandika tarehe na maili kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Miaka thelathini na mitano ya maili. Kati ya risiti hizo ikapatikana ya 1981, ya kubadilisha injini. Mzee akafurahi kuliko nilivyomwona siku nzima. Kwa mnunuzi, alisema, injini iliyobadilishwa na kuandikwa ni bora kuliko injini ambayo hakuna anayejua ilikotoka. Stoo tukapata sanduku lenye kabureta mbili za Hitachi zilizokuja na gari, ambazo baba alizitoa akaweka za Weber. Hizo nazo zikaongezwa kwenye hesabu.

Ndugu yangu alikuwa amemtumia mzee habari ya 240Z ya mwaka 1971 iliyouzwa mnadani Marekani Januari 2020 kwa dola 310,000, akitaka tupige hesabu kutoka hapo. Jibu lake lilikuwa fupi: lile lilikuwa na maili kama elfu 21 tu na halijaguswa. Ni gari moja, na halisemi chochote kuhusu letu. Kwa upande wa pili, matangazo ya mitandaoni nayo hakuyahesabu, kwa sababu bei ya tangazo ni ndoto ya mwenye gari. Alichukua magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa kweli, pesa zikabadilisha mikono, ya hapa na ya nje. Akatoa gharama ya kuchomelea sakafu na fremu zake pande zote mbili, akatoa kwa ajili ya injini, akaongeza kwa bahasha na sanduku. Akaongeza pia kidogo kwa kuwa tayari lina usajili wa Kenya, maana gari lililozidi miaka 8 kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayo.

Bei aliyoandika ni sh. 3,200,000 kwa muuzaji asiye na haraka, na sh. 2,500,000 kwa anayetaka kuuza mwezi huu huu. Tukakaa familia, Ami akiwa msimamizi, tukakubaliana ile ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitufukuza. Fungu la dada likawa 400,000. Mimi nadaiwa 2,400,000 na ninalipa kwa awamu.

Kasoro za huduma hii zipo. Ripoti ilichukua wiki tatu na simu zangu mbili za kukumbusha. Imeandikwa Kiingereza kitupu, kurasa kumi na moja, nikalazimika kukaa na Mama jioni mbili nikimfasiria, wakati yeye ni mrithi na ana haki ya kuisoma mwenyewe. Injini aliizungusha akapima mgandamizo, akakuta silinda ya sita iko chini ya nyingine, lakini gari hakuliendesha, na gia boksi akaiacha na alama ya kuuliza. Kwa ada ile nilitarajia anieleze kabla ya kuja kwamba nitafute betri mpya na breki zifanye kazi, ili aweze kulijaribu hata hapa mtaani. Hata hivyo nikiulizwa kama ningemlipa tena, ningemlipa.

Kama nawe una gari la namna hii, kabla hujamwita mtu yeyote pekua kila pembe ya gari na ya stoo. Usioshe wala usipake rangi. Muulize mthamini kwa simu kama ataingia chini ya gari, na kama atalinganisha nambari ya injini na kibati. Akisita, mshukuru umuache.

Sakafu nimeanza kuitengeneza, upande wa dereva kwanza. Daftari la baba nimeliendeleza kwa mwandiko wangu. Injini ya kwanza bado naitafuta. Risiti ya 1981 inaonyesha ya zamani iliachwa gereji, Nairobi, na nambari yake ninayo kwenye kibati. Kama kuna fundi mkongwe ana bloku ya L24 imelala kwenye kona ya karakana yake, naomba aifute vumbi ubavuni asome.