Pipa la taka la lita 240 lenye kanyagio: uzoefu wangu kwenye makao ya wazee

Nasimamia usafi kwenye makao ya wazee hapa Dar es Salaam. Uani tulikuwa na mapipa ya bati yasiyo na mifuniko, na anayewajua kunguru wa mji huu anaelewa kilichofuata: asubuhi mfuko wa pampasi umetobolewa, mchana taka zimetapakaa hadi kwenye benchi wanapoota jua wazee wetu. Ndipo tukanunua mapipa ya plastiki ya lita 240, yenye magurudumu mawili na kanyagio la kufungulia.

Mfuniko umemaliza ugomvi. Kunguru anatua, anahangaika kidogo, anaenda zake. Sharti tu pipa lisijazwe mpaka likashindwa kufunga. Kanyagio nalo ni zuri, kwani mhudumu mwenye glavu chafu hagusi kitu.

Magurudumu sasa! Kwenye zege yanateleza vizuri, kwenye mchanga yanazama, na pampasi zilizolowa zina uzito wake. Ikabidi tumwage njia ya zege kutoka mlango wa nyuma hadi getini, gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Ukimwaga yako, iinamishie kwenye mtaro ili maji ya kuoshea yasituame.

Tafuta pipa lenye kizibo chini, la sivyo kulipindua kila ukiosha ni adhabu ya mgongo. Na wengi hukimbilia jiki moja kwa moja. Klorini ikikuta uchafu inaishiwa nguvu: anza na sabuni na brashi, suuza, ndipo jiki iliyozimuliwa kwa maji. Usiichanganye kabisa na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Nzi hawakuisha kwa pipa peke yake. Kwa joto letu yai huweza kuwa nzi kamili kwa wiki moja na siku kidogo, hivyo tulielewana na mzoa taka aje mara mbili kwa wiki.

Tulichukua jeusi kwa taka za kawaida na la njano kwa bandeji na vyenye damu. Sindano za wenye kisukari zina sanduku lake, likifika robo tatu linafungwa.

Natoa nyota nne. Kanyagio la pipa moja limekatika, na muuzaji anasema hana kipuri, ninunue pipa zima.