Mazoezi tiba ya goti baada ya upasuaji: kituo alichotumia mdogo wangu hapa Tanga

Kituo cha mazoezi tiba alichohudhuria mdogo wangu hapa Tanga, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) jijini Dar es Salaam, ninakipendekeza kwa mchezaji yeyote mwenye jeraha kama lake, na sababu yangu kubwa ni kwamba hapo haruhusiwi mtu kurudi uwanjani kwa kuhesabu miezi peke yake.

Wiki za mwanzo zilitumika kwa mambo ambayo mchezaji mwenye haraka huyadharau: kupunguza uvimbe, kunyoosha goti hadi mwisho na kuuamsha msuli wa mbele wa paja, ambao hunywea upesi baada ya upasuaji. Mtaalamu alimlaza kitandani, akapenyeza kiganja chini ya goti na kumtaka akikandamize kwa kukaza paja, huku akiutazama msuli wenyewe, wala si uso wa mgonjwa. Magongo hayakuachwa mpaka goti liliponyooka sawasawa na paja likaweza kulibeba.

Baadaye yalifuata kuchuchumaa, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka na kutua. Ilipofika miezi sita, mdogo wangu hakuwa na maumivu tena na kocha wake alikuwa akimpigia simu kila mara. Mtaalamu alibandika utepe sakafuni, akamwambia aruke kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba, akapima umbali, kisha akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili. Mguu uliopasuliwa haukufikia asilimia 90 ya mwenzake, hivyo ruhusa haikutolewa. Alitufafanulia kwa upole kwamba kano iliyopandikizwa mahali pa ile iliyokatika huchukua miezi mingi kukomaa, na kwamba maumivu huisha mapema kuliko udhaifu. Msimamo huo una msingi: utafiti wa Grindem na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji aliongeza kusubiri, hadi kufikia miezi 9 baada ya upasuaji huu, ulipunguza kiwango cha kuumia goti tena kwa takriban nusu.

Kasoro zipo. Malipo ni ya kila kipindi cha mazoezi, jambo linalomwumiza mchezaji asiye na mshahara, na kwa maoni yangu klabu inayomhitaji ndiyo ingepaswa kubeba gharama hiyo. Nafasi ya ndani nayo ni finyu, haitoshi kukimbia kwa kasi wala kugeuka ghafla, ilhali kano hii mara nyingi hukatika katika kugeuka na kutua. Hatua hiyo ya mwisho hukabidhiwa kwa kocha uwanjani kwa maelezo ya mdomo tu. Atakayekwenda aombe maelezo hayo kwa maandishi, yakitaja mazoezi yanayoruhusiwa na yale yanayongoja, na ampe kocha wake kabla ya mazoezi ya kwanza na timu.